Goli au Stima

Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba jioni, Laini Saba yote, kule Kibera, ilipiga kelele ya furaha. Niliisikia kupitia simu, sikio la kushoto. Ilikuwa kelele ile mnayoijua nyote mliokulia Nairobi, ya stima kurudi. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuna mtu aliyekuwa ameirudisha. Fyuzi zilikuwa zimetolewa, na fundi wetu Wafula alikuwa juu ya nguzo, kifua chake karibu na nyaya ambazo chumba chetu cha simu za dharura kilikubaliana naye kuwa zimekufa.

Nitarudi kwa Wafula. Mwacheni kwanza hapo juu. Amezoea kuingoja ofisi.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza sasa kazi ya dawati la dharura, mliopewa hedifoni mpya na karatasi ya maneno ya kumwambia mteja. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu mapema, masikio yakiwa bado mazima na subira ikiwa imekwisha. Kampuni yetu ilikuwa ya kandarasi. Sitaitaja, na haitanishukuru. Tulipokea simu za watu waliopotelewa na stima, tukajaribu kuelewa kilichotokea, kisha tukawaeleza waendeshaji wa gridi waliokaa chumba hichohicho ili wajue ni swichi gani wazime, ipi wawashe na kikosi kiende wapi. Tulikuwa macho yao. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha.

Mambo ya umeme nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini. Kimoja kiling'olewa sura ya transfoma kabla hakijanifikia, kwa hiyo kwa muda mrefu niliiheshimu transfoma bila kuielewa, kama watu wengi wanavyomheshimu meneja. Kwa sababu ya vitabu hivyo Wafula aliniita Mwalimu. Hakuwa ananisifu.

Sasa, kazi. Mteja hujibu swali uliloliuliza, si lile ulilopaswa kuuliza. Ukimuuliza kama ana stima atasema hana, na wewe umejua nini? Hilo ndilo lililomfanya apige simu. Muulize kama jirani anayo. Muulize kama balbu imezima kabisa au inawaka nyekundu-nyekundu kama jiko linalokufa. Muulize friji inanguruma au imenyamaza. Akisema stima "ililia bum", fyuzi ya transfoma imekatika. Akisema "inacheza-cheza", kuna waya umelegea mahali. Lakini akisema "imekuja kali", acha kila kitu. Mwambie achomoe televisheni, friji na chaja papo hapo, na ampigie jirani ukelele afanye vivyo hivyo, maana waya wa kurudishia umekatika na nyumba moja inameza umeme wa nyingine.

Karatasi yenu inataka muombe namba ya mita kwanza. Mwenzangu mmoja, mtu mtiifu sana, aliiomba namba hiyo kwa mama wa Kawangware ambaye televisheni yake ilikuwa inatoa moshi. Mama akaisoma yote, tarakimu kwa tarakimu, akikohoa katikati. Mwenzangu akairudia kuhakikisha. Mwisho wa mwezi alipewa cheti cha huduma bora.

Tena msiseme "mafundi wako njiani" isipokuwa mnaijua njia. Nilijifunza hilo kwa Mama Akinyi, aliyekaanga samaki kando ya reli, Laini Saba. Kibanda chake kilikuwa na mita halali kwa jina lake mwenyewe, jambo adimu katika safu ile, na kila alipopiga simu aliitaja mita hiyo kama mtu anavyotaja ukoo wake.

"Wewe wa stima."

"Naam, Mama Akinyi."

"Si ulisema nusu saa?"

"Mafundi wako njiani, mama."

"Njia gani hiyo? Ya Kisumu?"

Nikaitazama karatasi ya maneno.

"Nakuuliza kwa sababu kama wanapitia Kisumu, waniletee samaki."

Tangu siku ile nikimwambia wako njiani, huwa nimeshampigia dereva na kumuuliza anaona nini mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo hamtalikuta kwenye mafunzo. Stima ikipotea kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, simu huingia kama mvua ya mawe. Huyu ana keki kwenye oveni. Yule ana mkutano kwenye kompyuta na watu wa ng'ambo. Mwingine hata hayuko nyumbani, yuko Mombasa kwa mapumziko, lakini mlinzi amemwarifu na ameudhika akiwa huko. Ng'ambo ya ukuta, katika vijiji vya Kibera viitwavyo Raila na Laini Saba, stima ikipotea ni kimya. Wengi hawana akaunti. Wanalipa kila mwezi kwa mtu aliyewavutia waya, stima ya sambaza, na ikipotea humpigia huyo. Mtu tusiyejua kuwa yuko, hawezi kutupigia sisi.

Meneja wetu alinunua ramani. Ilikuwa ya skrini nne, ukuta mzima. Mahali penye simu nyingi ilipaka nyekundu, pasipo na simu ikapaka kijani. Kwa hiyo keki moja ya Highrise ikichelewa kuiva, ukuta uliwaka kama moto wa nyika. Kibera nzima ikiwa giza totoro, ramani ilikuwa kijani kibichi kama shamba la chai. Wageni walioletwa kutembezwa walikisifu kile kijani. Meneja alisema ni matokeo ya mipango.

Aliyetutoa katika upofu huo ni Injinia Moraa, mwendeshaji wa zamu yetu, mwanamke wa maneno machache aliyekulia Kawangware kabla ya kwenda chuo. Siku moja, mkono wake ukiwa kwenye kitufe cha kuwashia laini, alinigeukia.

"Mwalimu, una mtu wa Laini Saba kwenye simu?"

"Niko na Mama Akinyi."

"Usimkate. Mwambie asiongee."

"Injinia, hiyo ya pili ni ngumu."

Akawasha. Mara ile, katika simu, nikasikia watoto wa Laini Saba wakipasua anga. Moraa akaiona sura yangu, akatikisa kichwa, akaandika kuwa laini imerudi. Ramani ilikuwa kijani kabla na kijani baada. Haikujua kama kuna lililotokea.

Hiyo ikawa desturi yetu. Kabla ya kuwasha, tulihakikisha kuna sikio kule: mama wa samaki, kinyozi, mwenye bucha, mtu yeyote mwenye simu na subira. Tulijifunza kwamba kelele ina habari nyingi. Ikitoka upande mmoja tu, halafu nyuma yake sauti ikauliza "Na huku je?", basi kati ya nyaya tatu, moja bado imekufa. Kelele ikianza kisha ikageuka kuwa mguno mrefu, "Aaaah!", fyuzi imekubali na kukataa tena. Kipimo hiki hakikuwa na skrini hata moja, kwa hiyo hakikuingizwa kwenye ripoti.

Pia kilitufedhehesha, na fedheha hiyo muijue, kwa sababu ndiyo iliyotaka kumuua Wafula.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mti umeangukia laini Kawangware, kikosi kimeukata, Moraa yuko tayari kuwasha. Sikio langu siku hiyo ni mwenye bucha, mtu mpole, ana nyama ya harusi ndani ya friza. Moraa anawasha, simu inalipuka kwa kelele, mimi nasimama na kutangaza kwa sauti ya mhubiri: "Kawangware imerudi!" Kikosi kikapanda gari kikaenda zake. Meneja akawatumia wateja ujumbe wa pongezi, akiwashukuru kwa uvumilivu wao.

Baadaye, chai ikiwa imeshanywewa, mwenye bucha akapiga tena.

"Mzee wangu, samahani kukusumbua. Hii stima mnasema imerudi, imerudi kwa nani?"

Nyuma ya bucha yake palikuwa na banda la video lenye jenereta. Dakika ileile Moraa alipobonyeza kitufe, mtu fulani Ulaya alifunga goli. Kawangware walishangilia goli hilo wakiwa gizani, na sisi tukaziandika shangwe zao kwenye kumbukumbu kuwa umeme.

Hamjui mzaha mpaka muutumikie. Kwa miezi, mtu akipiga chafya ofisini, wengine walijibu, "Kawangware imerudi!" Wafula, ambaye alikuwa Mluhya wa kwaya na mwenye sauti nene, aliutungia wimbo wa beti tatu. Meneja alianza kuwaeleza wageni kwamba zamani kampuni ilitegemea makelele, lakini sasa kuna ramani.

Mimi nilifanya ninachofanya mtu akinicheka: nilikaa chini nikasoma. Sikuwa na kitabu, kwa hiyo nilisoma kelele zenyewe. Goli huanza mahali pamoja, bandani, kisha husambaa. Huanza na sauti za wanaume, na kabla yake huwa kuna pumzi iliyoshikwa. Baada yake kuna ubishi: alikuwa ameotea, hakuwa ameotea. Stima haina ubishi. Huanza kila mahali kwa mpigo mmoja, na wanaotangulia ni watoto, kwa sababu mtoto hafikirii bili. Halafu hunyamaza upesi sana, maana kila mtu amekimbilia kuchaji simu. Katika kimya hicho ndipo ushahidi ulipo: mashine ya kinyozi inalia, redio inaamka katikati ya neno, spika ya kanisa inakohoa. Kelele isiyo na mashine nyuma yake, usiiamini.

Basi turudi kwa Wafula, amechoka kutungoja.

Kebo iliyotoka kwenye transfoma ya Laini Saba iliungua mchana. Kwa kawaida hitilafu ya upande ule ilingoja siku mbili tatu, kwa kuwa ramani haikuona haraka yoyote. Lakini siku ile meneja alikuwa na wageni wenye tai, wanaofikiria kutoa mkataba mwingine, na alitaka waone hitilafu ikitengenezwa mbele ya macho yao. Ikachaguliwa Laini Saba. Wafula akapelekwa mbio, jua bado likiwaka. Naamini alikuwa fundi wa kwanza katika historia yetu kufika Laini Saba kabla hajatukanwa.

Sheria ya nguzo inafahamika: unatoa fyuzi, unapima, kisha unaziunganisha nyaya na ardhi kwa vibanio maalumu, ili hata mpumbavu akiwasha kwingine, umeme ukimbilie ardhini badala ya kukimbilia kwako. Seti ya vibanio hivyo ilikuwa moja kwa vikosi viwili. Jioni ile ilikuwa Kawangware. Skrini za ramani, nimesema, zilikuwa nne.

"Injinia, nimepima. Ziko baridi," Wafula alisema kwenye redio. "Vibanio sina, viko Kawangware."

"Shuka uvingoje," Moraa akamjibu.

Meneja akasogea karibu na kushusha sauti, kwa ajili ya wageni. "Injinia, fyuzi si zimetoka? Wafula ni mzoefu. Hawa wana ndege."

"Na Wafula ana watoto."

"Hakuna mahali pengine umeme unaweza kutoka. Tazama ramani."

Nilimwona Moraa akiitazama ile ramani ya kijani. Simu ya Kawangware ilisema kikosi cha kule kimekwama kwenye foleni na vibanio vyake. Wafula mwenyewe akaingilia redioni: "Injinia, giza linaingia. Acha nikaze hizi nati chache nishuke. Mniombee, lakini pia mshike simu."

"Pima kila mara kabla hujagusa," alisema Moraa. "Kila mara." Redio hakuirudisha mezani. Mimi nilikuwa na Mama Akinyi sikioni. Alikuwa amewasha taa ya gesi na anakaanga, na kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwenye nguzo.

"Huyo kijana wenu ni mzito," aliniambia. "Hiyo ngazi inalia."

"Anakula vizuri, mama."

"Si kwangu. Hajawahi kununua hata mkia."

Hapo ndipo ikaja. Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Kelele.

Nilisema, "Injinia, Laini Saba wanashangilia." Mtu nyuma yangu, bila kufikiri, akasema, "Kawangware imerudi!" na chumba kikaangua kicheko. Meneja alicheka zaidi, akawaeleza wageni: "Kuna mechi leo. Huyu mzee wetu, kila goli ni stima." Na kweli mechi ilikuwapo. Ilikuwa imeanza kipindi cha pili.

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Nilimuuliza aliyekuwa pale.

"Mama Akinyi, hiyo ni goli au stima?"

"Goli ya nani? Wanaume wote wako hapa kwangu, wanalia TV imezima. Ni watoto hao." Shangwe ikakatika. Katika kile kimya nikaisikia, nyembamba kama mbu: mashine ya kinyozi. "Ngoja. Wewe! Kinyozi amewasha! Kwani mmerudisha na kijana bado ako juu?"

Sikumaliza kugeuka. Moraa alikuwa ameona sura yangu, kama siku ile ya kwanza, na hakuhitaji neno.

"Wafula, toa mikono. Toa mikono! Usiguse kitu!"

Redio ikakwaruza. Kicheko kilikuwa kimekwisha chumbani. Mgeni mmoja alibaki na tabasamu usoni, hajui aliweke wapi. Mimi sikungojea redio. "Mama, mwite! Mwambie aachie!"

Simu ikaanguka juu ya kitu cha bati. Nikamsikia akienda, na sauti yake ikienda mbele yake, sauti ya mwanamke aliyeuza samaki kando ya reli miaka yote na kushindana na treni: "We kijana! We mnene! Achia! Iko moto, achia!"

Halafu redio. "Nimeachia. Kwani kuna nini?"

"Pima," alisema Moraa.

"Mungu wangu," Wafula akasema, polepole sana. "Injinia, iko moto. Nilikuwa nimevua glavu ya kulia nishike nati. Nani amewasha?"

Kuhusu glavu: zilinunuliwa kwa saizi moja, kubwa, za mtu ambaye nadhani bado hajazaliwa. Kila fundi alizivua kushika nati, na kila ripoti ya usalama ilisema mafundi wote wana glavu. Zote mbili zilikuwa kweli.

Aliyewasha alikuwa Kaunda, mwenye sambaza ya safu ile, jamaa mwembamba mwenye koleo mfukoni. Wateja wake walipompigia kulalamika, alifanya alichofanya siku zote: alipanda paa, akavuta waya kutoka laini ya upande wa Raila, ambayo ilikuwa nzima, akauunga kwenye safu yake. Ila hakuukata ule wa zamani. Umeme wa Raila ukaingia safuni, ukawafurahisha watoto, ukampa kinyozi kazi, kisha ukarudi kinyumenyume kwa waya wa zamani mpaka juu ya nguzo ya Wafula.

Wafula alishuka, akaufuata waya ule, akamkuta Kaunda bado yuko juu ya bati. Mazungumzo yao aliniigizia mara nyingi baadaye, kwa sauti zote mbili.

"Wewe! Ulitaka kuniua?"

"Nani, mimi? Kivipi, buda?"

"Niko kwenye posti natengeneza, wewe unaniwashia!"

Kaunda akaweka koleo chini. "Leo? Mnatengeneza leo?"

"Hukuniona?"

"Nilikuona, nikadhani ni mwizi wa kebo. Buda, kuwa mkweli. Stima imepotea saa nane, saa kumi na mbili mko hapa? Laini Saba? Nyinyi huja after siku tatu. Nimezipangia kazi zangu hizo siku tatu."

Tafakarini jibu hilo, ninyi wenye hedifoni mpya. Jamaa huyo hakuwa mpumbavu. Alikuwa na uhakika juu yetu, kama tulivyokuwa na uhakika juu ya nyaya. Karibu tumuue fundi kwa kufika mapema mahali tulipozoea kuchelewa. Na niongeze hili, ingawa litamuudhi mtu: wateja wa Kaunda walipata stima kabla ya wetu, walimjua kwa jina, na hakuna aliyewahi kuwaomba namba ya mita.

Alipoelewa kilichokaribia kutokea, alibadilika rangi. Aliukata waya wake kwa mkono wake, akaja kuishikilia ngazi ya Wafula mpaka vibanio vikafika kutoka Kawangware na kazi ikaisha. Mwishoni Wafula alimwonyesha namna ya kuitenga laini ya zamani kabla ya kuunga mpya. Moraa aliposikia alimkemea Wafula kwa kumfundisha mwizi. Kisha akamuuliza kama jamaa alielewa vizuri.

Tulipowasha, nilikuwa bado na simu sikioni. Watoto kwanza, kila mahali kwa mpigo mmoja; halafu kimya; halafu kinyozi, redio, spika ya kanisa ikikohoa. Hakuna aliyeuliza "Na huku je?" Nilisema tu, "Laini Saba imerudi," na safari hii hakuna aliyepiga chafya.

Meneja aliwasindikiza wageni. Nilimsikia mlangoni akiwaonyesha kwamba katika dharura yote ile, eneo lenyewe halikuacha kuwa kijani hata dakika moja. Mkataba walitoa. Sisi tulipata skrini ya tano. Vibanio vya pili vilinunuliwa pia, kwa sababu Moraa alikataa kumpandisha mtu yeyote nguzo yoyote mpaka vinunuliwe, na aliyasema hayo mbele ya wageni kabla hawajafika kwenye lifti. Kama mnajiuliza ujasiri hutokea lini, hutokea wageni wakiwa bado wanasikia.

Ripoti rasmi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mahali pa majeruhi paliandikwa hakuna. Mahali pa hasara paliandikwa hakuna.

Kesho yake asubuhi simu ililia.

"Wewe wa stima."

"Naam, Mama Akinyi."

"Kijana ako sawa?"

"Yuko sawa, mama. Mungu akubariki."

"Amina. Sasa, samaki wangu wako wapi?"

"Samaki gani, mama?"

"Wale niliacha kwa mafuta nikikimbia kumwitia nyinyi mtu wenu. Watatu, wakubwa, wa mia tatu mia tatu. Wamekuwa makaa. Na mimi niko na mita halali."

Nilijaza fomu ya fidia. Ilikuwa na nafasi ya friji, televisheni, pasi na kompyuta. Nafasi ya samaki haikuwapo, nikaandika chini ya "vifaa vinginevyo". Ilirudi na swali: je, samaki walikuwa wameunganishwa na stima wakati wa tukio? Nikajibu kwamba la, aliyekuwa karibu kuunganishwa ni Wafula. Faili ikafungwa.

Wafula alikwenda mwenyewe Ijumaa, bila sare, akasimama mbele ya karai kama mwanakwaya anayengoja zamu. Alimwekea Mama Akinyi noti mkononi. Mama akazihesabu, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akamwambia, "Si ungekuja ukinunua tangu zamani, ningekujua jina, singekuita mnene mbele ya watu." Akamkaangia samaki. Huyo alimlipisha bei yake kamili.

Kwa hiyo mkiulizwa na mtu wa ramani jioni ile iligharimu kiasi gani, msiseme hakuna. Iligharimu samaki watatu wa Laini Saba walioungua mwanamke alipokwenda kumwita mtu kwa sauti, na ililipwa na yule aliyeitwa: shilingi mia tisa.